Sufuria na moto wa gazi

Ndugu wanafunzi, wengi wetu tumezoea makala, na mbabula inashika hata sufuria yenye chini ya mviringo. Gazi si vile. Tuchague sufuria ya chini sawasawa, isiyoyumba, yenye mukono usiolegea. Moto usipite ukingo wa chini: ule unaopanda pembeni unaunguza mukono wa sufuria na kupoteza gazi bure. Mukono tuugeuze ndani, mutoto asiuvute.

Na mafuta yakiwaka? Tusimwange maji hata kidogo! Juu ya nini? Maji yanashuka chini ya mafuta, yanageuka mvuke mara moja, yanarusha moto pote. Tufunge gazi, tufunike sufuria, tusiisogeze mpaka ipoe. Basi, mbele ya kuwasha, kifuniko kiwe karibu.