Muulize Kwanza Manseba

Mama anashuka kwenye pikipiki akiwa amemkumbatia mtoto aliyejikunja, na muuguzi anawapita wote wawili. Anakwenda moja kwa moja kwa manseba, mwendesha pikipiki, ambaye bado anangoja nauli yake. Kule kwenye mashimo, mtoto alilia? Alilia njia nzima, au kwenye mashimo tu? Manseba anashangaa kuulizwa mambo ya uganga. Anafikiri, anataja shimo la kwanza, la pili, lile la karibu na kalvati. Kwenye mashimo tu, anasema. Hapo ndipo muuguzi anamgeukia mama.

Nilikuwa nimefika kwenye kituo hicho kidogo cha afya, upande wa Kasungami katika komini ya Annexe, Lubumbashi, kwa ajili ya habari ya visima. Visima niliviandika vikaisha. Swali la manseba halikuniachia, nikarudi kumsikiliza muuguzi huyu, mama wa makamo aliyeomba nisimtaje jina kwa kuwa wakubwa wake hawapendi kukisoma kituo gazetini.

"Njia inasema mbele ya mama, papa," aliniambia, na akaharakisha kueleza kwamba hawadharau akina mama. Mama hajalala, ana hofu, na kila kilio cha mwanawe kwake ni kilekile. Manseba hana uchungu na mtoto huyo, lakini njia yake anaijua shimo kwa shimo. Mtoto mwenye malaria, anasema muuguzi, hulia ovyo, husinzia, huamka akalia tena. Mwenye kidole tumbo kilichovimba hunyamaza, goti la kulia kalivutia juu, hataki kuguswa. Gurudumu likitumbukia, anapiga yowe. Utando unaofunika matumbo ukishashika moto, mtikisiko wowote unausugua.

Baada ya manseba linakuja jaribio la pili. Mtoto anaambiwa aruke kwa mguu mmoja, wa kulia, mara moja tu. Muuguzi huruka kwanza yeye mwenyewe, na koti lake jeupe na ndala zake, ili mtoto aone ni mchezo. Nilimwona akiruka mbele ya msichana wa miaka saba hivi. Msichana akaruka, akacheka, akapelekwa kupimwa malaria. Anayekataa kuruka, au anayeinua mguu kisha akaushusha taratibu na kushika ubavu, haandikiwi dawa ya kwenda nayo nyumbani. Huyo ni wa kupelekwa mjini, Sendwe au kwingine kwenye chumba cha upasuaji. (Hospitali ya Sendwe ina jina la Jason Sendwe, mwanasiasa wa Katanga aliyekuwa mhudumu wa afya kabla ya kuingia siasa. Nadhani angemwelewa mama huyu.)

Hajasoma popote kuhusu mashimo. Lakini mwaka 2012 madaktari wa Uingereza walichapisha katika jarida la BMJ utafiti wa jambo hilohilo: waliwauliza wagonjwa wazima kama matuta ya barabarani yaliwazidishia maumivu walipokuwa wakija hospitali. Kati ya wagonjwa 34 waliopita juu ya matuta na kukutwa kweli na ugonjwa wa kidole tumbo, 33 walisema ndiyo. Nilipomsomea, aliuliza tu kama Uingereza nako kuna mashimo. Nikamwambia ni matuta, tena yanajengwa kwa makusudi. Akatikisa kichwa.

Nikamuuliza kama ugonjwa huu una majira yake. Wazazi, alisema, wana jibu tayari: maembe yakianza, ni maembe, mapera yakiiva, ni mbegu za mapera. Yeye hawabishii sana. Kitu kigeni kuingia mle ndani si uzushi mtupu: upasuaji wa kwanza unaojulikana wa kuondoa kidole tumbo, aliofanya Claudius Amyand mjini London mwaka 1735, ulikuwa wa mvulana wa miaka 11, na ndani ya kidole hicho kulikuwa na pini. Ila mbegu ni nadra kukutwa. Kinachoziba mara nyingi ni kinyesi kilichokauka kikawa kama jiwe, au tezi za utumbo zilizovimba baada ya maambukizi.

Wataalamu wa mbali nao wanasema majira yapo. Marekani, uchambuzi uliochapishwa mwaka 1990 ulikuta wagonjwa wengi zaidi wakati wa joto kuliko wakati wa baridi, kwa takriban asilimia 11. Mwaka 2022 watafiti wa Iowa walipitia kumbukumbu za wagonjwa karibu 690,000 wakakuta joto likipanda, wagonjwa wanaongezeka. Kusini-magharibi mwa Nigeria, madaktari wa Ogbomoso walikuta wengi katika miezi ya mvua.

Sasa ilete hoja hiyo Lubumbashi, mji ulio kwenye mwinuko wa mita zaidi ya 1,200, ambako mvua hunyesha Novemba hadi Machi, usiku wa Juni na Julai hushuka chini ya nyuzi 10, na Oktoba ni tanuri. Oktoba watoto wanatoka jasho, maji yanachotwa mbali, choo kinakuwa kigumu: sababu ipo. Januari kuna kuhara, tezi za utumbo zinavimba: sababu ipo. Julai kuna vumbi na vikohozi, na tezi zilezile zinaweza kuvimba: sababu ipo tena. Ugonjwa wenye sababu nzuri ya kila mwezi unanitia shaka.

Muuguzi ana shaka yake pia, na ni kali kuliko yangu. Alifungua daftari la wagonjwa, akaweka kidole kwenye safu ya tarehe. Hii, alisema, ni tarehe ya kufika. Tumbo lilianza kuuma lini? Safu hiyo haipo. Ripoti ya mwezi inayokwenda kwenye ofisi ya kanda ya afya inahesabu waliofika.

Na kufika, huku Annexe, kunategemea udongo. Komini hii inauzunguka mji pande zote, na sehemu kubwa ya njia zake hazijui lami. Kiangazi njia ni ngumu na ina mashimo, pikipiki zinapita, mtoto anafika siku ileile au kesho yake. Mvua ikinyesha siku mbili, udongo mwekundu unashika magurudumu. Manseba anakataa au anataja bei ya kukataza. Pesa nazo zimekwenda shambani, kwenye mbegu na mbolea, na mavuno ya mahindi ni ya Aprili huko. Isitoshe, mvua ndiyo majira ya malaria, kwa hiyo mtoto mwenye homa na tumbo anapewa kwanza dawa ya malaria, na kipimo kinaweza kweli kuonyesha vijidudu. Vijidudu vya malaria havizuii kidole tumbo kuvimba.

Kisha akaniambia jambo ambalo ningependa kila mzazi alisikie. Siku ya pili au ya tatu kidole tumbo kikipasuka, maumivu yanaweza kupungua ghafla. Mtoto anaomba maji, anakaa. Familia inashukuru Mungu, na safari ya hospitali inaahirishwa. Saa chache baadaye tumbo zima linakuwa gumu kama ubao. Kwa watoto chini ya miaka 5, ambao hawawezi kueleza wapi panauma, zaidi ya nusu hukutwa tayari kimepasuka, hata kwenye nchi zenye lami.

Mtoto wa aina hiyo, akiwa amebebwa mgongoni kwenye tope, hana shimo la kuulizia. Na akifika mjini haandikwi apandisiti, yaani ugonjwa wa kidole tumbo. Anaandikwa tumbo lililojaa usaha, na mara nyingi tifoidi ndiyo inayoshukiwa kwanza, kwa kuwa tifoidi nayo hutoboa utumbo wa watoto na wapasuaji wa Kongo wanaijua sana. Kwa hiyo, anasema muuguzi, ugonjwa mmoja una majina mawili: Julai ni apandisiti, Januari ni tumbo lililopasuka. Ukihesabu apandisiti peke yake mwezi kwa mwezi, utakuta ni ugonjwa wa kiangazi, kumbe umehesabu barabara.

Denis Burkitt, aliyekuwa daktari wa Mulago, Kampala, angempenda mwanamke huyu. Mnamo 1961 alizunguka Afrika kwa gari akiuliza hospitali moja baada ya nyingine kuhusu uvimbe wa taya za watoto, na ramani yake ikafuata joto na mvua. Miaka kumi baadaye aliandika kuhusu kidole tumbo, na safari hii hakulaumu hali ya hewa: alilaumu unga mweupe na chakula kisicho na makapi. Nilimweleza muuguzi. Alitazama nje, kuelekea kwenye moto uliokuwa unapika bukari, yaani ugali, ya walinzi, nyeupe pepepe, akasema huyo mzungu alikuja mapema mno.

Amechora safu yake mwenyewe pembeni mwa daftari, kwa kalamu ya risasi: saa maumivu yalipoanza. Ina matatizo. Mama anasema Jumanne, shangazi anasema Jumapili wakiwa kanisani, na muuguzi anaandika zote mbili. Daktari mmoja wa upasuaji mjini, niliyemweleza mpango huo, alisema ni mzuri ila wagonjwa wa kituo kimoja hawatoshi kuthibitisha lolote, na kwamba yeye bado anaamini joto la Oktoba lina mkono wake. Huenda wote wawili wako sahihi. Nilimuuliza muuguzi kuhusu wale wasiofika kabisa, walioishia nyumbani au kwenye maombi: mwezi wao ni upi? Akasema nimuulize mkuu wa mtaa, maana wao hawamo kwenye daftari lake. Mkuu wa mtaa aliniambia vifo vya watoto anaarifiwa, tena siku ileile. Sababu wanayompa kwa kawaida ni homa.