Je, Wajua? Gando la Kuvutia Chuma

Mtoto wa Mtera mwenye sikoseli, damu ikimpungukia, hupandishwa basi la barabara ya Iringa hadi Dodoma mjini kuongezewa. Chupa moja ya damu ya mtu mzima hubeba miligramu 200 hadi 250 za chuma. Mwili hupoteza miligramu 1 au 2 tu kwa siku, wala hauna mlango wa kutolea ziada. Kinachobaki hujilundika kwenye ini, moyo na tezi.

Dawa ya kukitoa iliyotangulia kutumika sana, deferoksamini, ni mali ya bakteria wa udongoni, Streptomyces pilosus, anayeitoa ili akwapue chuma ardhini. Watafiti wa Uswisi waliigundua karibu na mwaka 1960. Molekuli yake hubana atomu ya chuma sehemu sita kwa mpigo. Ndiyo maana jina la kazi hiyo kwa Kiingereza, chelation, limetokana na neno la Kigiriki la gando la kaa. Mkojo hugeuka mwekundu, kama juisi ya choya iliyozimuliwa maji. Ni chuma kinatoka.

Kero ni pampu ya sindano chini ya ngozi, kwa muda wa saa nane hadi kumi na mbili kila usiku, siku tano au zaidi kwa wiki. (Jaribu kumlaza hivyo mtoto wa miaka sita!) Wakemia wa Uingereza wakaleta deferiproni ya kumeza, ikafuata deferasiroksi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2005, ya kukoroga kwenye glasi mara moja kwa siku.

Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kupandikiza uloto kwa watoto wenye sikoseli mwaka 2023. Hata aliyepona kwa njia hiyo, chuma cha chupa za zamani bado humsubiri ndani.