Unataka kufanya biashara Kampala? Fahamu kwanza habari za leseni



Watu wengi wa kambi zetu hukusanya mtaji kidogo kidogo, kisha huenda Kampala kutafuta biashara. Kwa kawaida mkimbizi anayeishi Kampala hapati mgao wa chakula. Anajitegemea. Basi mtaji ule ndio chakula chake, kodi ya nyumba yake na karo ya watoto wake. Wako walioupoteza wote kwa siku moja, kwa sababu bidhaa zao zilichukuliwa na maafisa wa jiji, au kwa sababu walimlipa leseni mtu asiyeruhusiwa kupokea fedha hizo. Karatasi hii inaeleza mambo ya kujua kabla hujapanda basi.

JE, MKIMBIZI ANARUHUSIWA KUFANYA BIASHARA?

Ndiyo. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kulima, kufanya kazi za mikono, kufanya biashara na hata kuanzisha kampuni, mradi afuate sheria za nchi. Sheria hiyo hiyo inamtaka alipe kodi kama watu wengine.

Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba mkimbizi hawezi kupewa leseni, hasemi kweli. Lakini ukiulizwa leseni, usitoe kitambulisho cha mkimbizi ukadhani kinatosha. Kitambulisho kinaonyesha wewe ni nani. Leseni inaonyesha unaruhusiwa kuuza nini, na mahali gani.

NANI ANATOA LESENI?

Katika jiji la Kampala leseni ya biashara hutolewa na Mamlaka ya Jiji Kuu la Kampala, ambayo watu huiita KCCA. Ilianza kazi mwaka 2011 mahali pa Halmashauri ya Jiji ya zamani. Jiji lina tarafa tano: Kati, Kawempe, Makindye, Nakawa na Rubaga. Unaomba leseni katika tarafa ambamo duka lako limo. Kwa mfano, Kisenyi imo tarafa ya Kati. Katwe na Nsambya zimo Makindye.

Angalia mipaka. Masajja, wanakoishi wakimbizi wengi, si sehemu ya jiji. Imo Makindye-Ssabagabo, wilaya ya Wakiso, na leseni yake hutolewa huko. Leseni ya mahali pamoja haikulindi mahali pengine.

HATUA ZA KUFUATA

1. Hakikisha kitambulisho chako cha mkimbizi kutoka Ofisi ya Waziri Mkuu hakijapitwa na muda. Kama unahama kutoka kambini, toa taarifa katika ofisi hiyo.

2. Jitambulishe kwa mwenyekiti wa LC1 wa mtaa unaohamia, na uombe barua.

3. Pata namba ya mlipa kodi, yaani TIN, kutoka Mamlaka ya Mapato, URA. Namba hii ni ya bure. Kwa sheria ya taratibu za kodi ya mwaka 2014, ofisi ya serikali hairuhusiwi kutoa leseni ya biashara kwa mtu asiye na TIN. Kuwa na TIN si lazima kuwe na maana ya kulipa kodi ya mapato: mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake ya mwaka mzima hayazidi shilingi milioni 10 halipi kodi hiyo.

4. Nenda ofisi ya tarafa, eleza aina ya biashara na mahali ilipo. Ada hutegemea aina ya biashara na eneo. Duka la barabara kuu hulipiwa zaidi ya duka la mtaa wa ndani.

5. Utapewa namba ya malipo. Lipa kwa namba hiyo, benki au kwa simu. USIMPE MTU FEDHA MKONONI, hata akiwa amevaa sare, hata akisema anakusaidia kwa sababu hujui Kiganda. Tunza risiti.

6. Tundika leseni ukutani panapoonekana. Leseni hulipiwa kila mwaka. Soma tarehe ya mwisho iliyoandikwa juu yake.

Jihadhari pia na desturi ya kuandikisha leseni kwa jina la rafiki au la mwenye nyumba. Siku mtakapokosana, karatasi itasema duka ni lake.

POMBE INA LESENI YAKE

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Leseni ya duka haikuruhusu kuuza bia. Uuzaji wa pombe unatawaliwa na Sheria ya Vileo iliyoanza mwaka 1960, na unahitaji leseni ya pekee. Leseni ya kuuza chupa ambazo mteja anakwenda kunywea kwake si sawa na leseni ya baa, ambako watu hukaa na kunywa. Ukiweka benchi na bilauri mbele ya duka, umekwisha fungua baa.

Huenda umesikia kwamba sheria hii imebadilishwa. Muswada mpya wa kudhibiti pombe ulifikishwa Bungeni, lakini Bunge liliukataa mwezi Novemba 2024. Saa za kufungua na kufunga hutegemea aina ya leseni. Uulize tarafani unapoomba, nawe uombe uonyeshwe kwa maandishi.

Fahamu na haya:

– Ni marufuku kumwuzia pombe mtoto aliye chini ya miaka 18. Usimtume mtoto wako kuhudumia wanywaji.

– Pombe kali ya vifuko vya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2019. Ukiuziwa kwa bei rahisi, ukatae. Hasara itakuwa yako.

– Kutengeneza pombe ya moto, ambayo hapa huitwa enguli au waragi na kwetu wengine kanyanga, bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Enguli ya miaka ya 1960. Tunajua kwamba akina mama wengi wamesomesha watoto kwa kazi hiyo, na tunajua utaona wengine wakiipika wazi wazi. Hata hivyo, siku polisi wakija, mapipa humwagwa na mpishi hushtakiwa.

– Iko pia hatari ya sumu. Mwaka 2010, katika wilaya ya Kabale, makumi ya watu walikufa kwa kunywa waragi uliochanganywa na methanoli. Methanoli haionekani wala haitambuliki kwa ulimi, na kiasi kidogo tu huweza kupofusha macho. Usinunue pombe kali ya kupima kwa mtu usiyemjua ili uiuze tena.

Mwisho, pombe ni biashara inayofungwa mapema na kufunguliwa kwa kuchelewa. Wakati wa korona baa zote za Uganda zilifungwa kuanzia Machi 2020, zikafunguliwa tena Januari 2022, karibu miaka miwili. Aliyekuwa na baa peke yake alikaa bila kitu. Usiweke mtaji wote humo.

BIASHARA NYINGINE ZENYE RUHUSA YA PEKEE

Dawa: Duka la dawa linahitaji leseni ya Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA, na lazima lisimamiwe na mtu mwenye elimu ya afya inayokubaliwa. Kama ulikuwa muuguzi kwenu, usianze kudunga sindano nyumbani. Kwanza cheti chako kitambuliwe na baraza la taaluma yako hapa Uganda.

Fedha: Kubadilisha fedha za kigeni kunahitaji leseni ya Benki Kuu ya Uganda. Kukopesha watu kwa riba kunahitaji leseni ya wakopeshaji chini ya sheria ya mwaka 2016.

Chakula: Mpishi na mhudumu wa hoteli hupimwa afya na kupewa cheti. Wakaguzi hutazama maji, choo na usafi wa jiko.

Kamari: Mashine za kamari zinahitaji leseni ya bodi ya taifa, na sheria ya mwaka 2016 inakataza kumchezesha mtu aliye chini ya miaka 25. Mtu akitaka kuweka mashine dukani kwako, dai kwanza uione leseni yake.

KUTEMBEZA VITENGE NA BIDHAA NYINGINE

Kutembeza bidhaa ni biashara, nayo inahitaji leseni. Mwezi Januari 2022 jiji liliwaondoa wachuuzi katika mitaa ya katikati, wenyeji na wageni pamoja. Ni salama zaidi kutafuta meza katika soko rasmi, ambako utalipa ushuru wa soko na kupewa risiti. Kama ni lazima utembee, usibebe mzigo wote. Acha sehemu nyumbani.

UKIKAMATWA

Usikimbie barabarani kati ya magari, wala usipigane. Uliza jina la afisa na ofisi ambako bidhaa zinapelekwa. Omba karatasi yenye orodha ya vitu vilivyochukuliwa. Upesi, siku hiyo hiyo kama inawezekana, nenda tarafani na kitambulisho na risiti zako. Ukipelekwa mahakamani na hujui lugha, una haki ya kuomba mkalimani. Kwa msaada wa sheria, liko shirika la Refugee Law Project la Chuo Kikuu cha Makerere, linalowahudumia wakimbizi tangu mwaka 1999.

Kabla ya kulipa kodi ya chumba cha duka, fika kwanza tarafani uulize kama biashara yako inaruhusiwa mahali hapo na kwa ada gani. Kuuliza hakulipiwi. Andika ada hiyo katika hesabu ya mtaji wako pamoja na kodi na bidhaa. Ikiwa fedha hazitoshi kwa vyote vitatu, anza na duka dogo zaidi.

Tafadhali ukimaliza, msomee jirani asiyejua kusoma.