Upatanisho katika Maulizo ya Hifadhidata: Mfano wa Migori na Homa Bay

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi maulizo ya hifadhidata yanavyoharibika pindi uga unapobadilishwa jina na aina, na jinsi ya kuyatengeneza. Hifadhidata ni majedwali ya habari yaliyopangwa katika kompyuta. Kila safu ya jedwali huitwa uga, nao una jina lake na aina yake, kama vile maandishi, namba au tarehe. Ulizo ni sentensi ambayo kwayo mtumiaji huitaka kompyuta itoe habari fulani. Msingi wa nadharia hii uliwekwa na E. F. Codd mwaka 1970. Na mwaka 1974 Donald Chamberlin na Raymond Boyce walitoa lugha iliyo asili ya SQL itumikayo leo.

Mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kulielewa jambo hili kwa njia ya ngeli. Katika sentensi "mtoto mdogo amelala", tukiligeuza jina kuwa "kitoto", hapana budi tuseme "kitoto kidogo kimelala". Vivyo hivyo, uga ukibadilika, kila sehemu ya ulizo inayouhusu haina budi kupatana nao. Tofauti ni kwamba msikilizaji akiambiwa "kitoto mdogo amelala" ataelewa na kusahihisha. Kompyuta haina hisani hiyo.

2. Mabadiliko ya eneo

Wilaya ya Nyanza Kusini ilikuwa na makao yake makuu Homa Bay. Mwaka 1992 Migori ilimegwa kutoka humo, na mgawanyo uliendelea hata sensa ya 1999 ikakuta wilaya tano: Homa Bay, Rachuonyo, Suba, Migori na Kuria. Katiba ya 2010 ilileta kaunti, na serikali za kaunti zilianza kazi mwaka 2013. Wilaya tatu za kwanza zikawa Kaunti ya Homa Bay, yenye namba 043. Mbili za mwisho zikawa Kaunti ya Migori, yenye namba 044.

3. Makosa matatu

Tuchukulie jedwali la zahanati lenye uga uitwao "wilaya", wa aina ya maandishi. Ulizo lake, likiandikwa kwa Kiswahili, lingekuwa hivi:

CHAGUA jina KUTOKA zahanati AMBAPO wilaya = 'Kuria'

Sasa uga huo umekuwa "kaunti", na aina yake ni namba. Kosa la kwanza ni la jina. Kompyuta hulikataa ulizo mara moja, kwa kuwa haujui tena uga "wilaya". Kosa hili hupiga kelele, na kwa hiyo si la kuogofya.

Kosa la pili ni la aina. Mtengenezaji akibadili jina tu na kuandika kaunti = 'Kuria', analinganisha neno na namba. Programu nyingine hukataa. Nyingine hupokea na kutoa jibu tupu. Tena namba 043 ikihifadhiwa kama hesabu hupoteza sifuri yake na kuwa 43. Nayo huenda isilingane na '043' iliyoandikwa kama maandishi katika jedwali jingine. Msomaji wa ripoti anaweza kudhani kuwa Homa Bay haina zahanati hata moja, na dawa zikagawanywa kwa dhana hiyo.

Kosa la tatu ni la maana, nalo ndilo la hatari zaidi, kwa sababu kompyuta hailioni kabisa. Wilaya ya Homa Bay ilikuwa na watu 288,540 mwaka 1999. Kaunti ya Homa Bay ilikuwa na watu 1,131,950 mwaka 2019. Anayefuata jina peke yake atasema watu wameongezeka karibu mara nne. Lakini tukijumlisha Homa Bay, Rachuonyo na Suba za 1999 twapata 751,332. Ongezeko la kweli ni kama mara moja na nusu.

4. Matengenezo

Kwanza, uga wa zamani usifutwe. Uga mpya uwekwe kando yake, na ujazwe kwa jedwali la ulinganisho linaloonyesha kila wilaya imeingia kaunti gani.

Pili, aina ichaguliwe kwa kufuata matumizi. Hakuna ajumlishaye 043 na 044. Namba ya kaunti ni jina lililoandikwa kwa tarakimu. Yafaa basi iwe maandishi ya herufi tatu, katika majedwali yote.

Tatu, yatafutwe maulizo yote yanayoutaja uga wa zamani, yakiwemo yaliyomo ndani ya ripoti na fomu. Katika kila moja yabadilishwe jina, thamani na masharti kwa pamoja. Palipotakiwa Kuria peke yake, namba 044 haitoshi, kwani itachukua na Migori. Hapo uga wa wilaya ungali unahitajika.

Nne, majibu yahesabiwe. Jumla ya zahanati za wilaya tatu za kwanza lazima iwe sawa na jumla ya kaunti 043. Hesabu zisipolingana, ulizo halijapona, hata kama kompyuta imelipokea bila lalamiko.

Ulizo linalokubalika kisarufi laweza kuwa la uongo, kama sentensi yoyote ya lugha. Kazi ya kulipatanisha na mambo yalivyo katika nchi yabaki kuwa ya mtu anayeijua nchi hiyo.