Risasi ya Kichwa: Je, Sharti Shingo Ipigwe Picha?

Ndugu wauguzi, mtu aliyepigwa risasi ya kichwa akiletwa hospitalini, wengi hukimbilia kuifunga shingo yake, na kutaka ipigwe radio mbele ya mambo mengine. Wanaogopa kwamba imevunjika. Woga huu unatoka kwa watu walioanguka katika mti au waliogongwa na gari. Hao kichwa chao hutupwa kwa nguvu, na shingo hukunjika pamoja nacho. Risasi si hivyo. Huharibu vitu vilivyo katika njia yake, wala haina nguvu ya kuivunja shingo isiyopita ndani yake.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1998 waganga wa Fresno, katika Marekani, walichunguza habari za watu zaidi ya 200 waliopigwa risasi za kichwa. Hawakuona hata mmoja aliyevunjika shingo kwa kutikiswa wala kwa kuanguka. Walioumia shingo ni wale tu ambao risasi yenyewe ilifika huko. Tena mwaka 2010 zilihesabiwa habari za watu zaidi ya 45,000 wenye vidonda vya risasi na visu. Waliofungwa shingo na mgongo walikufa karibu mara mbili kuliko wasiofungwa.

Kwa nini kufunga kuna hatari? Kunapoteza dakika. Kunazuia kutia mpira wa pumzi. Kunaficha kidonda, na kunabana mishipa ya damu, hata ubongo unazidi kuvimba.

Basi, fanyeni hivi:

1. Kwanza pumzi. Ondoeni damu kinywani, inueni taya. Damu ikizidi, mlazeni ubavu.

2. Zuieni damu kwa kitambaa safi. Msichokore kidonda kutafuta risasi.

3. Tazameni mboni za macho, na kama mikono na miguu inatembea.

4. Tafuteni matundu yote, hata katika nywele na nyuma ya shingo.

Picha ya shingo inahitajiwa lini? Kama kuna kidonda shingoni; kama risasi iliingia usoni ikielekea chini, au njia yake haijulikani; kama miguu na mikono imelegea pande zote mbili; au kama mtu alianguka toka juu. Huyu, shikeni kichwa chake sawasawa kwa mikono. Lakini hata kwake, pumzi hutangulia picha.

Mkimpeleka hospitali kubwa, andikeni katika barua: saa aliyopigwa, matundu mliyoona, na namna viungo vyake vilivyotembea.