Sekunde tatu kabla ya kusimama: hesabu ya gari linalostuka

Gari likiwa katika mwendo wa kilomita 12 kwa saa na dereva akakanyaga breki taratibu, husimama ndani ya sekunde 3 hivi na mita kama 5. Ni katika mita hizo chache ndipo gari lenye kasoro linapostuka: linajisukuma mbele au linapiga kama limegongwa kwa nyuma, kisha linatulia. Chukua dereva wa Dar es Salaam au Nairobi anayesimama kwenye foleni mara 40 asubuhi na mara 40 jioni, siku 24 kwa mwezi. Huyo anasimama mara 1,920. Mstuko mmoja hauvunji kitu, lakini mistuko 1,920 kila mwezi inazichosha mauntini, yaani mipira inayoishikilia injini, na viungio vya ekseli, na siku moja gari linajisukuma mita moja zaidi wakati mtoto wa shule yupo kwenye kivuko.

Mwenye gari hilo akifika gereji, mara nyingi jibu analopewa ni fupi: gia boksi imekufa. Pengine ni kweli. Ila jibu hilo ndilo ghali kuliko yote, na hutolewa kabla ya kipimo hata kimoja. Hilo linanikera, kwa sababu vipimo vya kwanza havigharimu hata shilingi.

Kwanza tuelewe kwa nini gari linaloteleza vizuri barabara kuu linaudhi likikaribia taa. Gari la kilo 1,100 katika kilomita 60 kwa saa limebeba nishati ya jouli 153,000 hivi. Katika kilomita 12 imebaki 6,100, yaani asilimia 4. Mwendo umekwisha, breki inafanya kazi ndogo, basi msukumo mdogo wa injini ambao usingeuhisi kwenye kasi unakufikia mgongoni.

Msukumo huo unaanzia wapi? Chukua gia boksi ya otomatiki ya gia nne ambayo Toyota iliifunga kwenye magari yake mengi madogo, U340E. Uwiano wa gia zake ni 2.847, 1.552, 1.000 na 0.700. Gia ya mwisho kwenye ekseli tuifanye 4 ili hesabu iwe nyepesi. Tairi la 195/65 R15 likizunguka mara moja gari linasogea karibu mita 2. Injini yenye moto, ikiwa sailensa, yaani inazunguka yenyewe mguu haupo kwenye mafuta, huzunguka kama mara 700 kwa dakika.

Sasa punguza mwendo. Katika gia ya tatu, magurudumu yanaacha kuiburuta injini na injini inaanza kuyasukuma ukifika kilomita 21 kwa saa. Katika gia ya pili hilo hutokea kwenye 13.5, na katika ya kwanza kwenye 7. Kila inapopinduka hivyo, kila uwazi uliopo kuanzia injini hadi gurudumu unafungwa kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Gari lisilo na kasoro linafanya hivyo bila wewe kujua. Mauntini ikiwa imepasuka, injini inabinuka na unasikia pigo.

Hapo sailensa inakuwa na uzito ambao watu wengi hawaupi. Throto ikiwa imejaa masizi, au mpira wa hewa umepasuka na injini inavuta hewa isiyopimwa, sailensa inaweza kupanda hadi 1,100. Mpinduko wa gia ya pili unahama kutoka kilomita 13.5 hadi 21, na nguvu inayokusukuma ukiwa umekanyaga breki inaongezeka. Gia boksi haina kosa lolote. Hata kuchomoa betri kunaweza kuleta hali hii, maana magari mengi yanasahau kiwango cha sailensa na yanahitaji kufundishwa upya.

Dalili ya pili ina sura tofauti. Ndani ya toki konvata, kiungo cha oili kati ya injini na gia boksi, kuna klachi inayofunga gari likiwa kwenye mwendo na kufunguka linapopungua. Ikigoma kufunguka, injini inaburutwa chini ya sailensa yake: katika gia ya pili, kwenye kilomita 5 kwa saa, inalazimishwa mizunguko 260 tu. Gari linatetemeka na kuzima, kama la manyua ambalo dereva amesahau kukanyaga klachi. Mashine ya kupimia huweza kuonyesha namba P0742. Sailensa iliyopanda huonyesha P0507. Namba hizo zinakuelekeza pa kutazama tu, hazikuambii ununue nini.

Kipimo ninachokiamini zaidi hakihitaji mashine. Tafuta barabara tambarare isiyo na watu, nenda kilomita 30 kwa saa, weka N, kisha simama kwa breki kama kawaida. Mstuko ukipotea, tatizo liko upande wa injini au gia boksi. Ukibaki, achana na gia boksi, tazama breki. Sensa ya gurudumu iliyochafuka au yenye pete iliyopasuka hupoteza ishara gurudumu linapozunguka polepole, na ABS inadhani tairi limejifunga. Pedali inadunda mguuni kwenye kilomita za mwisho, hata kwenye lami kavu.

Halafu soma geji ya mizunguko injini ikiwa na moto, AC imezimwa, kisha imewashwa. Fungua boneti, kanyaga breki sawasawa, hamisha gia kutoka D kwenda R, msaidizi aitazame injini akiwa pembeni, asikae mbele wala nyuma ya gari. Ikiruka sana, umepata mauntini.

Kuhusu fedha, nitatumia bei za mfano kwa shilingi za Tanzania. Weka za mtaa wako. Kupima kwa kompyuta 30,000, kusafisha throto 30,000, mauntini moja 80,000, na oili ya gia boksi lita 9 kwa 20,000 kila moja, 180,000. Jumla 320,000. Gia boksi ya mtumba na ufundi, 1,500,000. Ukianza na gia boksi na kumbe kosa lilikuwa kwingine, utalipa zote, 1,820,000. Ukianza na vitu vidogo na kumbe kweli ni gia boksi, utafika 1,820,000 hiyo hiyo. Tofauti iko pale unapobahatika: upande mmoja umetumia 1,500,000, upande mwingine 320,000 au chini. Kwa bei hizi, kuanza na vidogo kunalipa iwapo uwezekano wa kosa kuwa huko unazidi asilimia 18. Na baada ya kipimo cha N na geji, hukisii tena kwa upofu.

Kwa nini lita 9? Chukua gia boksi inayobeba lita 6.5: ukifungua nati ya chini zinatoka kama 3, nyingine zimebaki ndani ya toki konvata. Badilisha mara moja, asilimia 54 ni oili ya zamani. Mara ya pili, 29. Mara ya tatu, 16. Anayemwaga mara moja na kusema haikusaidia, hajaibadilisha bado. Magari yenye gia boksi ya CVT yana oili zao: Nissan inataka NS-2 au NS-3 kulingana na modeli, na oili nyekundu ya kawaida humo ni sumu.

Ikiwa yote yameonekana mazima, oili imetoka nyeusi yenye harufu ya kuungua na gia zinachelewa kushika, basi gia boksi ifunguliwe. Hata hapo uliza kwanza bei ya solenoidi, yaani vali ya umeme ya gia boksi, peke yake, hasa kama P0742 imejitokeza. Ukienda Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, kutafuta gia boksi ya mtumba, kumbuka nayo imetoka kwenye gari lililokwisha tembea. Kubaliana na fundi kwamba salio litalipwa baada ya nyinyi wawili kuendesha hadi gia boksi ipate moto, kisha kushuka kutoka kilomita 30 hadi sifuri mara 10, wewe ukiwa kwenye usukani.