Mtatariko wa Kuni na Utulivu wa Moyo

Mgogoni, kisiwani Pemba, hakuna majira ya theluji. Hata wakati wa kipupwe, pepo za kusi zinapovuma, nyumba hazihitaji meko ya kupashia joto. Hata hivyo, sauti ya moto yajulikana vyema huko: kuni zikishika moto baina ya mafiga hutatarika, na vifuu hualika. Husemwa kwamba sauti hiyo hutuliza moyo. Je, sayansi yasemaje?

Mti umeundwa kwa seli nyembamba mithili ya mirija, ambazo ndani yake hubaki maji, na katika miti mingine utomvu. Maji yakifika digrii 100 za Selsiasi huchemka na kuwa mvuke, ambao huhitaji nafasi kubwa kiasi cha mara 1,600 kuliko maji yenyewe. Mvuke ukikosa njia, kanieneo huongezeka hata kuta za seli zikapasuka. Kila mpasuko ni mwaliko mmoja. Ukuni mbichi mno hufoka tu, na moshi wake ni mwingi. Hivyo sikio laweza kutambua hali ya kuni kabla ya jicho.

Kuhusu utulivu, mwaka 2014 mtaalamu wa elimu ya binadamu Christopher Lynn, wa Chuo Kikuu cha Alabama, Marekani, alitangaza matokeo ya utafiti uliohusu watu wazima 226. Walipimwa shinikizo la damu kabla na baada ya kutazama filamu ya moto. Shinikizo lilipungua kwa uthabiti pale moto ulipoonekana pamoja na sauti yake, na kadiri walivyotazama kwa muda mrefu, ndivyo lilivyozidi kupungua. Lynn alidhani kwamba chanzo chake ni cha kale: waliotulia pamoja kando ya moto walipata faida ya ujamaa.

Yafaa kuzingatia kwamba katika jaribio hilo hapakuwa na joto wala moshi. Utulivu, basi, hauhitaji moshi. Hili si jambo dogo, kwani Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020. Isitoshe, waliopimwa walikuwa wameketi. Mpishi anayechochea kuni huku macho yakimtoka machozi yumo kazini, wala hapumziki. Jiko lenye kupitisha hewa na kuni zilizokauka havimnyimi mtu faraja yoyote.

Wanafunzi waweza kulichunguza jambo hili darasani. Kundi moja lisikilize sauti ya moto iliyorekodiwa kwa dakika 10. La pili likae kimya kwa muda huo huo. Kila mmoja ahesabu mapigo ya moyo kwa dakika moja, kabla na baada. Kundi la pili lisiachwe, kwa kuwa kuketi kimya pekee hupunguza mapigo. Pasipo kulilinganisha na la kwanza, moto utasifiwa kwa kazi iliyofanywa na kiti.